Hakuna Lenzi

Jumapili, Kibuye, kati ya meza ya vitasa
na lundo la rimoti zisizo na televisheni,
nimeikuta imelala ndani ya bakuli la sukari
pamoja na skrubu, funguo za makufuli yaliyokwisha potea,
na meno ya bandia ya mtu.

"Hii ni ya nini?" namuuliza Oguttu, ingawa najua.
Anajua kwamba najua.
"Darubini," anasema. "Elfu nne."
Anaiweka usoni. Jicho lake linajaa kioo kizima,
jekundu, jicho la mtu aliyelala saa mbili.

Naipeleka juani. Kuna mkwaruzo kama wa ukucha wa paka.
Kuna kuvu pia, nyuzi nyeupe ukingoni.
Kioo kilizaliwa mbali, katika nchi
ambayo haipo tena kwenye ramani,
lakini kuvu ni ya hapa hapa,
imenyonya unyevu wa ziwa masika baada ya masika,
ina haki ya kupiga kura Kisumu ya Kati.

Ubavuni mtu amechora kwa sindano: P. NYAGOL.
Oguttu hamjui. Mimi pia simjui.
Namlipa elfu mbili mia tatu.
Ananiongezea yale meno, bure. Nayakataa.

Pete ya kuiunganisha ilikuja kwa parseli kutoka Nairobi
imefungwa kwenye nailoni kama dawa ya panya.
Nikaingiza, nikazungusha, ikalia tak.
Kamera yangu, ambayo chama bado kinanidai,
ikafikiri kidogo, ikaandika:

HAKUNA LENZI.

Robo kilo ya chuma inaning'inia puani mwake!
Yenyewe ilitaka lenzi yenye taarifa,
inayojibu ikiitwa.
Hii ni bubu. Ina pete mbili tu:
ya mwanga, hutembea kwa kukohoa,
na ya umbali, nzito, mafuta yake yameganda
kama uji wa jana.
Nikapekua menyu hadi kipembe kile
kinachouliza: uruhusu kupiga bila lenzi?
Nikaruhusu.

Kazi yangu ni picha za pasipoti.
Masikio yaonekane, usitabasamu, nyuma pawe peupe.
Mashine huutafuta uso yenyewe,
huuwekea kisanduku cha kijani,
mimi hubonyeza tu, kama mtu wa lifti.

Obunga, Beldina alikuwa akikaanga mgongo wazi.
Nikamwomba dakika moja.
Akanipa, huku akigeuza mifupa.
Kumpata kwa mkono: naenda, nampita, narudi,
kope zinakuja, zinaondoka,
moshi unakuwa mkali, yeye anakuwa moshi.
Sijawahi kumtazama mtu muda mrefu hivi
bila kuwa namdai au nampenda.
Chini ya mdomo ana kovu. Miaka sita nakula kwake.

Jicho moja tu lilikamatwa, la kushoto.
La pili limeyeyuka.
Nyuma yake matone ya mafuta yamekuwa sarafu za mwanga,
na pembeni weupe wa kuvu
kama pumzi ya mtu kwenye dirisha.
"Umenipiga nikiwa bado nafika," akasema.
Hakuipenda. Akaomba nimtumie.

Usiku namfikiria Nyagol,
nimeweka jicho pale alipoweka jicho.
Harusi ngapi, majeneza mangapi,
watoto wangapi waliokatazwa kupepesa
walipita humu wakielekea kwenye filamu,
na hakuna hata mmoja aliyebaki.
Kioo hakina tumbo. Hupitisha tu.
Kilichokaa ni kuvu.

Asubuhi naianika juu ya mabati, mdomo wazi,
kando ya omena ya jirani.
Wanasema jua kali huiua.
Saa sita naigeuza upande wa pili.
Jirani ananiuliza kama imekauka.